Aliyeona Anadaiwa Nini?

Macho hayana pazia. Wahenga walisema hivyo kumtetea mtu aliyeona asichopaswa kuona: ukiwa na macho utaona tu, nani akulaumu? Mimi nataka kuuliza swali linalofuata. Ukishaona, je? Tuseme uko kwenye matatu inayotoka Kakamega, umebanwa kiti cha nyuma, na mama aliye mbele yako amempakata mtoto wa mwaka mmoja hivi. Mtoto anageuka, anakuchekea, jua la dirishani linampiga usoni, na ndani ya mboni ya jicho lake moja unaona weupe. Si mng'ao wa machozi. Ni weupe kama kipande cha kioo, kama jicho la paka likimulikwa usiku. Wewe unashuka Sigalagala, wao wanaendelea. Una deni lolote kwa mtoto yule?

Watu niliowauliza swali hili hapa Iguhu walinijibu haraka. Hapana. Si mtoto wako, mama yake humjui, na wewe si daktari. Wachache walisema ndiyo, halafu wakasita nilipowauliza la pili: deni lenyewe ni la nini hasa, na linalipwaje? Hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Tuanze na kile kilichoonekana. Weupe ndani ya mboni unaweza kuwa mambo kadhaa. Unaweza kuwa mtoto wa jicho, maana hata watoto wachanga huupata, si wazee peke yao. Lakini unaweza pia kuwa retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, karibu wote kabla hawajafika miaka 5. Huanzia kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kwa kawaida mwanga ukiingia kwenye mboni hurudi na wekundu, ndiyo maana picha za flashi hutufanya tuwe na macho mekundu kama majini. Uvimbe ukikua kule nyuma, mwanga unaugonga na kurudi mweupe. Dalili nyingine ya mapema ni kengeza: jicho linaanza kwenda upande wake kwa sababu haliangalii tena kitu. Jicho kuwa jekundu, kuuma, kuvimba hadi kutokeza nje, hizo ni dalili za baadaye, wakati nafasi imeshapungua sana.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1971 mtafiti Mmarekani, Alfred Knudson, alichunguza rekodi za watoto wenye ugonjwa huu akasema kwamba lazima chembe ya retina ipate mapigo mawili ndipo igeuke saratani. Mwaka 1986 jeni inayopigwa ikapatikana, ikaitwa RB1. Kwa takriban watoto 4 kati ya 10, pigo la kwanza wamezaliwa nalo mwili mzima, na hao wanaweza kuugua macho yote mawili. Ndugu zao nao inafaa wapimwe, na siku moja watoto wao. Waliobaki ni bahati mbaya ya chembe moja tu. Hakuna chakula alichokula mama, hakuna mwiko aliouvunja, hakuna jirani aliyetupa kitu njiani. Nalisema hili mapema kwa sababu huku kwetu ugonjwa usio na mkosaji hutafutiwa mkosaji, na mara nyingi anayepatikana ni mama.

Sasa angalia ubaya wa ugonjwa huu. Mwanzoni hauumi. Mtoto wa miezi kumi hawezi kusema haoni. Hata wa miaka miwili anayeongea hatasema, kwa sababu hajui kuona kwingine kukoje, na jicho zima linamfanyia kazi lile bovu. Anakimbia, anaokota punje ya mahindi chini, anamtambua baba yake kutoka mbali. Tuna methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mtu mzima methali hiyo ni ya haki. Kwa mtoto huyu ni ya uonevu, kwa sababu hakuficha kitu. Alikionyesha kwa kila aliyemtazama usoni. Kama kuna aliyeficha, ni sisi tulioona tukanyamaza.

Na kuna hesabu ya kunyamaza. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 ulikusanya habari za watoto 4,351 kutoka nchi 153, wote waliogunduliwa mwaka 2017. Katika nchi tajiri, umri wa katikati wa mtoto siku ya kugunduliwa ulikuwa miezi 14. Katika nchi maskini kabisa ulipita miezi 30. Katika nchi tajiri, watoto waliofika saratani ikiwa imeshatoka nje ya jicho hawakufika 2 kwa kila 100. Katika nchi maskini kabisa walikuwa 49 kwa kila 100. Kenya haiwekwi tena kwenye kundi hilo la mwisho, najua, lakini mama anayeshuka mteremko wa Iguhu na mtoto mgongoni hana habari kwamba nchi yake ilipandishwa daraja. Uvimbe wa mtoto wa London na wa mtoto wa Ikolomani ni mmoja, na unakua kwa njia moja. Miezi hiyo 16 iliyo katikati haimo ndani ya jicho. Imo kati ya watu: nani aliona, nani aliambiwa, nani aliamini, nani alikuwa na nauli.

Kabla sijaendelea, nimpe nafasi kukhu wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenipinga vizuri kuliko wote. Nilipomwambia naandika jambo hili alisema, "Mtoto wa mtu hatazamwi sana." Alimaanisha jicho baya. Huku kwetu wapo watu wanaosemekana wakimtazama mtoto anaanza kulia, tumbo linamuuma, ngozi inamwasha. Mama mwenye busara humfunika mtoto akipita sokoni. Mgeni akimsifia mtoto sana, mama anamvuta karibu. Sasa wewe, kijana usiye na mke wala mtoto, umwendee mwanamke barabarani umwambie jicho la mtoto wake lina kitu! Kesho mtoto akigunduliwa mgonjwa, nani atasemekana alimfanyia?

Ni rahisi kuita hayo ushirikina na kupita. Sitaki kupita. Ndani ya maneno ya kukhu kuna jambo la kweli: kutazama ni nguvu. Anayekutazama anaweza kukuaibisha, anaweza kukugeuza kuwa habari ya jioni kwenye moto wa jirani. Mwanamke aliyeolewa mbali na kwao, ambaye kila kasoro ya mtoto inahesabiwa dhidi yake, ana haki ya kuogopa macho ya watu. Ile desturi ya kutomkodolea mtoto macho ilikuwa namna ya kumlinda mama. Shida ni kwamba pazia lile lile linalomlinda mama dhidi ya umbea linauficha ugonjwa pia. Nilimuuliza kukhu: zamani, kama kweli mtoto ana shida, nani alikuwa anasema? Akajibu bila kufikiri, "Senge." Shangazi upande wa baba. Na anasema wapi? "Jikoni, wakiwa wawili." Kumbe desturi haikukataza kusema. Ilichagua msemaji, na ikachagua mahali.

Shika hilo, nitalirudia.

Chuoni, kabla karo haijanitoa nikiwa mwaka wa tatu, tulisomeshwa hoja ya mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer. Mwaka 1972 aliandika kwamba ukipita kando ya kidimbwi ukaona mtoto anazama, unapaswa kuingia umtoe hata kama nguo zako zitajaa matope. Darasa zima tulikubali. Nani angekataa? Kutoka hapo akajenga hoja kwamba umbali haupunguzi wajibu: anayekufa njaa mbali ni sawa na anayezama mbele yako. Bado naipenda hoja hiyo, ila kwa jambo letu inatufikisha nusu ya njia. Mtoto wa Singer anapigapiga maji, na kila mpita njia anaiona hatari. Mtoto wetu amekaa ukingoni anacheka. Anayetaka kumvuta ndiye anayeonekana mwendawazimu.

Hiki ndicho kitu ambacho neno "mapema" linakificha. Mabango yanasema gundua mapema, tibu mapema, kana kwamba ni suala la kalenda. Lakini mapema maana yake ni wakati mtoto bado anaonekana mzima. Uvimbe ukiwa mdogo sana, madaktari wanaweza kuuchoma kwa leza, kuugandisha kwa baridi, au kuupunguza kwa dawa za kemotherapia, na pengine jicho likaokoka. Ukiwa umejaa jicho, njia ya salama mara nyingi ni kulitoa jicho lote kabla saratani haijaufuata mshipa wa fahamu kuelekea ubongoni. Sasa jiweke mahali pa mzazi. Unaambiwa utoe jicho la mtoto anayecheza. Hasara unaiona kwa macho yako: uso wa mtoto wako, maisha yake yote. Faida huioni, kwa sababu kifo unachoepushwa nacho hakijabisha hodi. Ukisubiri hadi kila mtu aone hatari, kila mtu atakubali, na kukubali kwao hakutasaidia kitu.

Kwa hiyo mapema ni wakati ule ambapo dawa inaonekana kubwa kuliko ugonjwa. Hakuna picha wala takwimu itakayomvusha mzazi hapo peke yake. Kinachomvusha ni kumwamini mtu.

Niliona hili likitokea. Nilipotoka chuo nilifanya kazi kwenye duka la picha na saiba: kupiga picha za pasipoti, kuchapa barua, kusafisha picha za harusi na matanga. Mama mmoja, nitaficha jina lake na kijiji chake, alileta simu yenye picha ya mwanawe akitimiza mwaka na nusu. Alitaka ichapwe kubwa. "Lakini nitolee hiyo kitu iko kwa jicho," akaniambia. Jicho moja lilikuwa jekundu la flashi. La pili lilikuwa na weupe. Programu ya kompyuta ina kitufe cha kuondoa wekundu wa macho. Unabonyeza mara moja, macho yanakuwa meusi mazuri. Weupe haiujui, unaufunika kwa mkono.

Nilijua weupe ule unaweza kumaanisha nini kwa bahati tu: wiki chache kabla nilimchapia mwanafunzi wa uuguzi kazi yake ya muhula. Nikamuuliza mama, hiki kitu kilianza lini? Akasema tangu mtoto alipoanza kutambaa. Alishampeleka kwenye zahanati fulani mara mbili, akapewa dawa ya tyubu ya kupaka, akaambiwa kitaisha. Kwa miezi kadhaa alikuwa anapaka dawa kwenye jicho ambalo nje halikuwa na kitu. Nilimchapia picha mbili, moja iliyosafishwa na moja kama ilivyotoka, nikamwambia hii ya pili aende nayo kwa daktari wa macho, si kwa zahanati, na asingoje mwisho wa mwezi. Sikutaja saratani. Sikuwa na haki ya kuitaja.

Alienda. Jibu likawa lile la kutoa jicho. Na hapo ndipo mambo yalisimama, kwa sababu baba mtoto alikataa. Ni mchimba dhahabu, mtu wa maneno machache, na alikuwa na swali moja tu: "Huyu mtoto anakimbiza kuku. Mgonjwa anakimbiza kuku?" Watu walimcheka swali lake. Mimi sikuweza. Ni swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia darasani. Linauliza kwa nini aamini karatasi kuliko anachokiona uani kwake.

Majuma yakapita. Daktari alishaeleza, mimi nilishaeleza, mke wake alishalia. Aliyemaliza maneno ni dada yake mkubwa, senge wa mtoto. Hakuwa na elimu ya ugonjwa. Alimwambia kaka yake, twende wote, ukae mbele ya daktari, umuulize swali lako la kuku, na mimi nitakuwepo. Wakaenda. Daktari akamulika jicho zima, akamwonyesha wekundu wake, kisha akamulika lile lingine. Akamwambia: mtoto wako anakimbiza kuku kwa jicho moja. Baba akanyamaza muda mrefu, halafu akamtazama dada yake. Dada akasema yeye mwenyewe ndiye atakayembeba mtoto hadi mlango wa chumba cha upasuaji.

Mtoto yuko hai na anaendelea kupelekwa kupimwa. Ana jicho la bandia. Watoto wenzake wakikosana naye humwita chongo, na mama yake hilo linamchoma kila mara. Nasema haya ili mtu asidhani kuokolewa ni sherehe.

Sasa turudi kwenye lawama. Kila tunapozungumza juu ya kuchelewa, kidole huelekea kwa mama: alikuwa wapi, hakuona? Lakini mama huyu aliona kabla ya sisi sote. Alisema, mara mbili, mahali alipofundishwa aseme. Kosa lilikuwa kwenye sikio. Hata hivyo sitaki kumgeuza mhudumu wa zahanati kuwa shetani wa hadithi. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba ugonjwa huu humpata mtoto mmoja kati ya takriban 17,000 wanaozaliwa. Mhudumu wa zahanati ndogo anaweza kuanza kazi na kustaafu bila kuuona hata mara moja, huku kila siku akiwaona watoto kumi wenye macho mekundu ya kawaida wanaopona kwa tyubu. Kwa hesabu zake, tyubu ni jibu la busara. Ndiyo sababu ugonjwa adimu haufai kuachiwa uzoefu wa mtu. Unahitaji kanuni: weupe kwenye mboni, au kengeza linaloanza kwa mtoto mdogo, ni kwa daktari wa macho, haraka, bila mjadala. Kanuni hiyo ipo. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa retinoblastoma mwaka 2014, na kijitabu cha mama na mtoto kina sehemu ya kukagua macho. Lakini kati ya kitabu na benchi la zahanati pana safari ndefu.

Iguhu inajua vizuri kwamba kisichotafutwa hakionekani. Kwa zaidi ya miaka 20 watafiti wa malaria wamekuwa wakija huku kwenye bonde la mto Yala. Wamehesabu mbu ndani ya nyumba zetu, wamechukua damu za watoto shuleni, hata kina cha madimbwi wanakijua. Jina la Iguhu limo kwenye majarida ya sayansi ambayo wengi wetu hatutawahi kuyafungua. Sipingi, malaria imetuzika sana. Ila mtoto huyo huyo aliyetobolewa kidole damu ikapimwa, anarudi kliniki wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9, miezi 18. Anapimwa uzito, anachomwa chanjo. Kila mara kuna mtu mwenye sare amesimama karibu na uso wake. Kumulika macho mawili na kulinganisha rangi inayorudi hakumalizi dakika. Tangu Septemba 2023 serikali imetuma wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nyumba kwa nyumba nchini, wakiwa na simu mikononi. Wengine ni mama zetu na shangazi zetu. Kwa lugha ya kukhu, tumepata masenge wenye sare, wanaoruhusiwa kuingia hadi jikoni. Swali ni kama wamefundishwa kutazama mboni.

Basi, aliyeona anadaiwa nini? Jibu langu lina sehemu tatu, na kila moja ni ngumu kuliko iliyotangulia.

Anadaiwa kusema, kwanza. Kunyamaza kwa adabu hakumwachi mtoto mahali alipo. Kunamwacha kwenye njia ambayo tayari anaiteremka. Lakini aseme kwa namna ya senge: pembeni, kwa sauti ndogo, bila kutaja jina la ugonjwa asioujua. "Mama, samahani, nimeona kitu kama weupe kwa jicho la mtoto. Pengine si kitu, ila ningekuwa mimi ningemwonyesha daktari wa macho wiki hii." Kama ni mgeni kwenye matatu, maneno hayo yanamtosha kulipa sehemu yake. Akikasirikiwa, akasirikiwe. Hasira ya mtu ni gharama ndogo.

Pili, anadaiwa kuwa mtu wa kuaminika kabla ya siku hiyo. Hili hatulizoei kulifikiria kama wajibu. Yule senge hakumshawishi kaka yake kwa hoja. Alitumia miaka ya kutomdanganya. Mhudumu anayemfokea mama kwa kuchelewa leo anapunguza uwezekano wa mama mwingine kurudi kesho. Mhubiri anayemwambia mzazi kwamba kukubali upasuaji ni upungufu wa imani anakula akiba ambayo hakuiweka yeye. Kila tunapotumia vibaya imani ya watu, kuna mtoto fulani wa mbele ambaye baba yake atakataa.

Tatu, kama anamjua mama, anadaiwa kwenda naye. Neno halina nauli. Kutoka Iguhu unapanda boda hadi barabara kuu ya Kakamega na Kisumu, kisha matatu hadi upande wa Vihiga, iliko Hospitali ya Macho ya Sabatia. Si mbali kwa ramani. Ni mbali kwa mtu ambaye siku hiyo asipolima hatakula, na ambaye baada ya hapo anaweza kuambiwa aende Eldoret au Nairobi, tena na tena, maana matibabu haya si ya siku moja. Ukimwambia mama kwamba mtoto ana kitu jichoni halafu ukarudi kwako kulala, umemhamishia usingizi wako. Yeye ndiye hatalala.

Najua mtu atasema: sasa wewe unataka kila anayeona abebe mzigo wa kila mtoto? Hapana. Mtu mmoja hawezi, na wajibu usiowezekana ni hotuba tu. Ndiyo maana naona deni hili halikukusudiwa mtu mmoja. Na sisi watu wa huku, kubeba kwa pamoja tunakujua. Mtu akifariki Iguhu leo, jioni kuna kundi la WhatsApp. Kesho kuna orodha ya michango, keshokutwa hema, viti, jenereta, ng'ombe. Hakuna anayeuliza kama marehemu alikuwa ndugu yake wa damu. Wiki mbili tunakesha. Nimechapa programu nyingi za mazishi, baadhi za watoto wa miaka mitatu, minne, na nyuma ya kila moja kulikuwa na pesa ambazo zilipatikana.

Sisemi tuache kuzika vizuri. Nasema uwezo upo na tunajua kuuamsha, ila tumeuzoesha kuamka baada ya kifo. Kule Uganda, kituo cha macho cha Ruharo mjini Mbarara kilianza kuwatibu watoto wa retinoblastoma kwa kemotherapia mwaka 2009, na wanaopona wameongezeka. Kwa hiyo hatuongei juu ya miujiza ya ng'ambo. Nchi jirani, hali kama zetu, na watoto wanarudi nyumbani.

Chama cha akina mama cha upande wetu hukutana Jumapili baada ya ibada. Nimewaomba waweke jambo moja kwenye ajenda: kutenga kiasi kidogo kila mwezi, kiwe nauli ya mtoto yeyote anayetakiwa kuonwa na daktari wa macho au wa kitu kingine kisichoweza kungoja, na mwanachama mmoja aende naye. Mwekahazina aliniuliza, na kama daktari akisema mtoto hana kitu, si pesa zimepotea? Nikamwambia hiyo ndiyo siku tutakayofurahi zaidi. Hajanijibu bado. Kikao ni Jumapili ijayo.